Matairi Makubwa kwa Pikapu Kuukuu: Hesabu Inayoanzia Biashara Street

Pwani nzima inaijua Biashara Street ya Mombasa kwa leso. Ukiiacha Digo Road na Marikiti ukaingia mtaa huo, maduka yamepangana pande zote mbili, na miongoni mwao lipo la Kaderdina Hajee Essak, ambalo asili yake ni mwaka 1887 na ambalo chapa yake ya Mali ya Abdulla imevaliwa na vizazi kadhaa. Anayenunua ya kujifunga huchukua doti. Anayenunua ya kwenda kuuza huchukua kwa korja, ishirini ishirini, na huyu ndiye anayehusika na makala haya. Korja zake hubebwa na hamali mpaka kwenye gari. Ikiwa soko lake liko Kinango ndani, Garsen, Kipini au vijiji vya Mto Tana, gari hilo huwa ni pikapu inayoweza kuvuta kwa magurudumu yote manne, na kwa mfanyabiashara wa kadiri huwa ni ya zamani: Hilux ya miaka ya 1990, Land Cruiser ya toleo la 75 lililoanza 1984, au Land Rover aliyoiacha mzee.

Magari haya yana swali linalorudi kila masika. Barabara ya marum imeoza, sehemu za udongo mweusi zimekuwa tope, na pikapu imeburuza tumbo mara mbili kabla ya kufika. Mwenye gari anajiuliza kama amefika wakati wa kufunga matairi makubwa zaidi. Pesa si nyingi, na kila anayemuuliza ana jibu lake. Muuza matairi atamwambia afunge. Fundi wa springi atamwambia ainue gari kwanza. Dereva mwenzake atamwonyesha picha ya gari lenye matairi yanayofika kiunoni mwa mtu.

Jibu langu ni hili: kwa gari la zamani na mfuko mdogo, panda hatua moja tu, ufikie kipimo kirefu zaidi ambacho kiwanda chenyewe kiliwafungia ndugu wa gari hilo, na uchague tairi refu lililo jembamba kuliko refu lililo pana. Hatua hiyo moja ina faida kubwa kwa gharama inayobebeka. Kuanzia hatua ya pili, kila sentimita inayoongezeka huleta deni ambalo halionekani kwenye risiti ya duka la matairi. Mali bila daftari huisha bila habari, na kwenye matairi daftari lenyewe lina kurasa nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Faida inakaa wapi

Tuanze na kipimo. Pikapu nyingi za Hilux za zama hizo zilitoka na tairi la 205R16, ambalo kimo chake likisimama ni karibu milimita 740. Land Cruiser ya kazi na Land Rover ndefu zilitoka na 7.50R16, ambalo ni karibu milimita 805. Kati ya hayo mawili kuna 265/70R16, lenye milimita 777. Ukihama kutoka 205R16 kwenda 265/70R16 umeongeza kimo kwa milimita 37. Ukihama mpaka 7.50R16 umeongeza 65.

Gari halipandi kwa kiasi hicho chote. Ekseli iko katikati ya gurudumu, kwa hiyo inapanda kwa nusu tu: milimita 18 kwa 265/70R16, na 32 kwa 7.50R16. Sentimita tatu zinaonekana kidogo, lakini mahali zinapoongezeka ndipo penye thamani. Kitu kinachogonga mawe na kuchimba tope chini ya pikapu yenye ekseli ya chuma kizima ni lile bakuli la difu. Springi mpya haziliinui. Kuinua bodi hakuliinui. Ukiongeza springi, gari litaonekana refu, na fremu, tangi na bampa vitakuwa mbali zaidi na ardhi, lakini difu itabaki palepale ilipokuwa. Tairi pekee ndilo linaloiinua difu. Kwa hiyo anayetumia pesa yake ya kwanza kwenye springi kabla ya matairi amenunua sura kabla ya kazi.

Faida ya pili ni urahisi wa kuvuka mashimo. Gurudumu refu huingia shimoni kwa mteremko mpole na kupanda ukingo bila kuugonga kwa nguvu. Kwenye barabara ya marum iliyojaa makorongo madogo, dereva huisikia tofauti hiyo mikononi, na mzigo hautikisiki sana nyuma.

Lakini mipaka ya faida hizi lazima isemwe wazi. Mwishoni mwa 2023, mvua za El Niño zilipojaza Mto Tana, maji yalifunika sehemu ya barabara ya kutoka Garsen kwenda Lamu na magari yakakwama pande zote mbili. Sentimita tatu hazina maana yoyote mbele ya mafuriko yanayotembea. Tairi kubwa humsaidia dereva kwenye tope, mchanga na mawe. Likimpa ujasiri wa kuingia kwenye maji ambayo asingeyaingia jana, limekuwa hatari kwake.

Refu na jembamba, au refu na pana

Vijana wengi wa gereji hupenda tairi pana kwa sababu linajaza madigadi. Kwa pikapu ya kazi, upana una hesabu yake. Tope la Pwani mara nyingi ni la utelezi juu na lina ardhi ngumu chini. Tairi jembamba hukata tope hilo likashika chini, ambapo pana hubaki likielea na kuteleza. Wahandisi wa magari ya kazi walilijua hili zamani, na ndiyo maana 7.50R16 lilibaki kuwa tairi la Land Cruiser na Land Rover kwa miongo mingi, katika majangwa na misitu.

Kwenye mchanga hoja huwa tofauti kidogo, na watu wengi hudhani hapo pana hushinda. Kinacholiwezesha gari kutembea juu ya mchanga ni ukubwa wa eneo linalogusa ardhi, na njia ya bei nafuu ya kulikuza ni kupunguza upepo. Tairi lililokuwa na paundi 38 likishushwa mpaka 20 hulala na kurefusha alama yake, na urefu huo huongezeka zaidi ya upana. Tairi refu lina ubavu mrefu, kwa hiyo linalala vizuri. Masharti ni kwamba mwendo uwe wa pole, usukani usikatwe ghafla, na upepo urudishwe mara tu gari linapofika kwenye lami, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa hupata joto mpaka likapasuka. Kipima upepo na pampu ya umeme wa betri ni sehemu ndogo tu ya bei ya tairi moja. Kwa safari za mchanga vifaa hivyo viwili vinaweza kufanya kazi ambayo mtu angetaka kuifanya kwa seti nzima ya matairi mapana.

Walioendelea mbali zaidi katika kanuni hii ni watu wa Iceland, ambao hufunga matairi ya inchi 38 hadi 44 na kuyaachia upepo karibu wote ili watembee juu ya theluji. Huko ukubwa una sababu, na magari hayo hufanyiwa kazi kubwa ya ekseli, difu na bodi kabla ya kubeba matairi hayo. Hapa kwetu pia magari ya Rhino Charge, mashindano yaliyoanza 1989 kuchangia uzio wa Aberdare, huvaa matairi makubwa sana. Magari hayo yamejengwa upya kwa ajili ya mawe na makorongo. Kuiga matairi yake kwenye pikapu inayobeba leso kwenda Tana River ni kuchukua kipande kimoja cha gari ambalo kila kipande kilibadilishwa.

Upana una gharama nyingine inayowashtua wengi: rimu. Tairi la 265/75R16 lina kimo cha milimita 804, karibu sawa na 7.50R16, lakini linataka rimu ya inchi saba au nane. Tairi la 235/85R16 lina milimita 806 na hukaa salama kwenye rimu ya inchi sita. Pikapu ya zamani iliyotoka kiwandani na rimu za inchi sita inaweza kuvaa 235/85R16 bila kununua rimu hata moja. Ukichagua pana, umejiongezea rimu tano, na mara nyingi rimu hizo husukuma gurudumu nje ya mstari wake wa awali, jambo linaloanza kula beringi. Kwa mfuko mdogo, uamuzi unaweza kuishia hapo.

Wenye Land Cruiser kuukuu wawe makini na rimu za kugawanyika, zile zenye pete ya kufungia. Zimesaidia watu porini kwa sababu tairi hutoka kwa vyuma na nguvu za mikono, lakini pete iliyoliwa na kutu inaweza kuruka wakati wa kujaza upepo ikaua. Hewa ya chumvi ya kisiwani huila chuma haraka. Pete yenye kutu haina bei inayostahili kulipwa na fundi wa panchari.

Gharama zisizo kwenye risiti

Tairi refu hubadilisha gia zote kwa wakati mmoja. Gurudumu lililoongezeka asilimia tisa, yaani lililohama kutoka 205R16 kwenda 7.50R16, husafiri asilimia tisa zaidi kwa kila mzunguko, na injini inalazimika kulisukuma ikiwa na nguvu zilezile. Injini ya dizeli ya lita 2.4 iliyofanya kazi miaka 30 huisikia tofauti hiyo kwenye mlima wa Shimba Hills ikiwa na mzigo. Dereva anateremka gia mapema, klachi inafanya kazi zaidi wakati wa kuondoka, na joto la injini linapanda. Mwenye Land Cruiser yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2 atasikia kidogo tu. Kwa hiyo tairi lilelile linaweza kuwa uamuzi mzuri kwa mmoja na mbaya kwa jirani yake.

Dawa kamili ni kubadilisha difu. Gari lenye difu ya uwiano wa 4.1 likifungwa matairi yaliyoongezeka asilimia tisa litahitaji difu ya karibu 4.5 ili lirudie nguvu zake. Hapo ndipo bajeti ndogo huvunjika, kwa sababu difu ya mbele na ya nyuma lazima zibadilishwe pamoja. Zikitofautiana, siku utakapofunga magurudumu manne kwenye ardhi ngumu, giaboksi ndogo, ile inayogawa nguvu kati ya ekseli mbili, itasukumwa pande mbili kwa kasi mbili na kuvunjika. Anayeshauriwa kubadilisha difu ya nyuma peke yake ili aokoe pesa aondoke kwenye gereji hiyo. Kwa hatua ya asilimia tano, ile ya 265/70R16, magari mengi hayahitaji kuguswa difu kabisa.

Saa ya mwendo nayo hudanganya. Kwa ongezeko la asilimia tisa, saa ikisoma 80 gari linakimbia 87. Hesabu ya kilomita nayo hupungua: ukienda kilomita 1,000, saa itaandika karibu 920. Hili lina matokeo mawili. La kwanza, oili ya injini hubadilishwa ikiwa imechelewa. La pili, mwenye gari hugawanya mafuta kwa kilomita pungufu na kuamini kwamba matairi mapya yanakunywa dizeli nyingi kuliko yanavyokunywa kweli. Ukizidisha kilomita za saa kwa 1.09 kabla ya kugawanya, ndipo utakapoona ongezeko halisi.

Breki ni jambo zito zaidi. Gurudumu refu lina mkono mrefu dhidi ya breki. Kanyagio lilelile, likisukumwa kwa nguvu ileile, hutoa nguvu ya kusimamisha iliyopungua kwa karibu asilimia nane, na tairi lenyewe ni zito zaidi na linataka kuendelea kuzunguka. Kwenye gari lililoanza maisha na breki za ngoma nyuma, zenye miaka 30, upungufu huo hauvumiliki kama ngoma zimeliwa au silinda zinavuja. Kabla ya shilingi ya kwanza kwenda kwa muuza matairi, ngoma zifunguliwe.

Kuna pia viungo vya usukani, beringi za magurudumu na viungo vya ekseli ya mbele. Vyote vilikadiriwa kwa gurudumu dogo na jepesi zaidi. Kiungo kilichokuwa kimelegea kidogo na kuvumilika kwa 205R16 kitaanza kutikisa usukani kwa tairi zito. Fundi atarekebisha alainimenti mara tatu, na tatizo litabaki palepale mpaka kiungo chenyewe kibadilishwe.

Mwisho wa kurasa hizi ni nafasi. Tairi likigusa madigadi gari likiwa na mzigo na usukani umekatwa, fundi ana njia mbili za bei nafuu: kukata ukingo wa madigadi, au kurefusha boliti ya kizuizi cha usukani ili gurudumu lisigeuke mpaka mwisho. Njia ya pili ni rahisi, lakini gari hupoteza uwezo wa kugeuka mahali padogo. Kwa gari linaloingia Biashara Street hiyo ni hasara ya kila siku, kwa maana mtaa ni mwembamba, mikokoteni imesimama, na dereva anayehitaji kurudi nyuma mara tatu ili atoke huzuia njia kwa wote. Kipimo cha kweli cha nafasi hupatikana gari likiwa limebebeshwa mzigo wake wa kawaida. Gereji nyingi hupima likiwa tupu, kisha tairi huanza kulika ubavu safari ya kwanza.

Kuinua bodi ili kupata nafasi huleta tatizo linalowahusu hamali moja kwa moja. Kitanda cha pikapu kikipanda, kila robota hunyanyuliwa juu zaidi, na mzigo wote hukaa juu zaidi ya ardhi. Gari lenye mzigo uliopanda hulala kwa urahisi kwenye kona. Mfanyabiashara anayerundika robota mpaka juu ya kibini anapaswa kuhesabu hilo kabla ya kuhesabu kitu kingine chochote.

Kununua bila kujidanganya

Zamani matairi ya mfanyakazi wa Afrika Mashariki yalitoka karibu. Kiwanda cha Nairobi kilichoanza kama Firestone East Africa, kisha kikawa Sameer Africa kilichotengeneza Yana, kilifungwa 2016 baada ya kuzidiwa na matairi ya bei ya chini kutoka nje. General Tyre ya Arusha ilikuwa imesimama kabla yake. Sasa mnunuzi wa Mombasa anachagua kati ya majina mengi kutoka Asia, na kazi ya kuyapambanua imebaki kwake mwenyewe. Habari anayohitaji imeandikwa ubavuni mwa tairi.

Cha kwanza ni tarakimu nne za tarehe. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira hukauka hata ukiwa dukani, na joto la Pwani huharakisha. Tairi lenye umri wa miaka kumi halifai kubeba mtu hata kama meno yake yamekamilika. Cha pili ni namba ya mzigo: 104 ni kilo 900, 110 ni kilo 1,060, na 120 ni kilo 1,400 kwa tairi moja. Namba ya tairi jipya isiwe chini ya ile iliyoandikwa na kiwanda. Matairi mengi mapana yanayovutia macho yametengenezwa kwa magari ya familia, na ubavu wake ni mwepesi kwa mawe na mizigo ya kazi.

Tairi la mtumba linaweza kuwa na maana kwa gurudumu la akiba, likikaguliwa tarehe na ndani yake. Kwa magurudumu manne yanayofanya kazi, seti iliyochanganywa kutoka nchi na umri tofauti ni hasara, kwa sababu pikapu ya magurudumu manne inataka yote yawe na kimo kimoja. Yakitofautiana, giaboksi ndogo hupata taabu ileile ya difu zisizolingana. Kwa sababu hiyohiyo tairi la tano nalo liwe la kipimo kile kile. Mtu aliyenunua manne makubwa na kubaki na la akiba dogo hana la akiba akiwa Kipini usiku. Kuhusu meno, mchanganyiko wa lami na marum unataka meno ya kati. Meno makubwa ya tope hulia kwenye lami, huisha haraka, na kwenye lami iliyolowa hushika vibaya. Safari ya kutoka kisiwani kwenda Garsen ni ya lami kwa sehemu kubwa.

Mpangilio wa matumizi

Kwa anayehesabu kila shilingi, mpangilio ninaoupendekeza ni huu. Kwanza, kagua breki, beringi na viungo vya usukani, utengeneze kilichochoka. Pili, nunua kipima upepo na pampu, ufanye safari moja ya masika kwa matairi uliyonayo ukijifunza kupunguza upepo. Wengine watagundua hapo kwamba shida yao imepungua vya kutosha. Tatu, nunua matairi matano ya hatua moja juu, yanayoingia kwenye rimu ulizonazo: 265/70R16 kwa mwenye injini ndogo, kama rimu zake zinafikia inchi saba, au 235/85R16 au 7.50R16, yaliyo membamba, kwa mwenye injini inayoweza. Nne, pima nafasi gari likiwa limebeba. Springi ziongezwe tu ikiwa za zamani zimelala chini ya kimo chake cha kiwandani, na lengo liwe kuzirudisha pale zilipokuwa. Tano, mjulishe bima, na uhakikishe gari litapita ukaguzi wa mamlaka ya usafiri, NTSA, ambao magari ya biashara hupaswa kuufanya kila mwaka. Ajali iliyotokea kwa gari lililobadilishwa bila taarifa huipa kampuni ya bima sababu ya kukataa kulipa.

Wapo ambao hatua moja haitawatosha. Gari la uokoaji, gari la utafiti linalokaa porini miezi, au mtu ambaye njia yake yote ni mawe, ana haki ya kwenda mbali zaidi. Lakini huyo anunue mradi mzima tangu mwanzo: difu mbili, breki, rimu, springi na muda wa gereji. Mradi huo ukifanywa nusunusu, gharama humwangukia dereva na taniboi wake barabarani, nao ndio wasioulizwa wakati wa kununua.

Mfanyabiashara wa Biashara Street hajawahi kuhesabu faida ya korja kwa bei ya dukani peke yake. Huongeza hamali, nauli, ushuru na siku za kukaa njiani, ndipo akajua doti moja imemgharimu kiasi gani ilipofika mkononi mwa mnunuzi wa Kipini. Matairi yanastahili hesabu hiyohiyo, kuanzia ngoma ya breki mpaka tairi la tano, na anayeifanya kwa ukamilifu atagundua mara nyingi kwamba pikapu yake ya zamani ilihitaji kidogo kuliko alivyoambiwa.